Kumwinamia nyanya si kumwabudu: Funzo la Lu Xun kwa watafsiri wetu

MUHULA uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliniletea kazi yake ya mwisho. Alikuwa amefasiri makala ya Kiingereza kuhusu jinsi familia za Kichina zinavyowakumbuka babu na nyanya waliokwisha kufa: kibao chenye jina la marehemu juu ya meza, ubani, bakuli la wali, vijiti vya kulia, karatasi zinazochomwa moto. Kiswahili chake kilikuwa safi. Ila kila palipotajwa desturi yenyewe, kijana aliandika "kuabudu mizimu". Nikapiga mstari mwekundu, nikapiga tena na tena hadi kalamu ikachoka. Akaja ofisini, akaniuliza kwa adabu lakini bila kusitasita: "Sasa Mwalimu, hapo ulitaka niseme nini?"

Nilimpa jibu la haraka, jibu la mtu anayekimbilia kikao. Nikamwambia aseme "kuenzi", basi. Akaenda zake. Niliona hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Mstari mwekundu bila maelezo si kufundisha. Kwa hiyo, msomaji mpenzi, safu ya leo ni deni ninalomlipa kijana yule mbele yako.

Tuanze na neno lenyewe. Kuabudu tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule unaotupa ibada na majina kama Abdalla na Abdulrahman. Ndani yake mna wazo la utumwa: anayeabudu anajiweka mtumwa wa anayeabudiwa. Mswahili, awe Mwislamu au Mkristo, anajua kwamba kitenzi hiki kina mwenyewe mmoja tu, Mungu. Kikitumiwa kwa kiumbe kingine chochote, huwa ni tuhuma. Ukisema fulani anaabudu pesa, hujamsifu. Basi ukiandika kwamba familia ya Kichina inamwabudu nyanya yake, tayari umewahukumu watu kabla hujawaeleza. Na ukiongezea mizimu, neno ambalo siku hizi vijana wetu hulihusisha na filamu za kutisha, hukumu hiyo inakuwa kali zaidi.

Mzozo huu si mgeni duniani. Uliwahi kuwagonganisha papa na mfalme. Mjesuiti wa Kiitaliano, Matteo Ricci, alifika Macau mwaka 1582 na akafia Beijing mwaka 1610. Katika miaka hiyo alijifunza Kichina, akavisoma vitabu vya Confucius na wafuasi wake, na akafikia uamuzi kwamba heshima wanayopewa wazee waliokufa ni suala la adabu ya jamii. Kwa maoni yake, Mchina angeweza kubatizwa bila kuacha kuinama mbele ya kibao cha babu yake. Wamisionari wa Kidominikani na wa Kifransisko waliofika baadaye walikataa katakata. Wao waliona ubani, wakaona chakula mezani, wakaona mtu amepiga magoti, wakasema: hii ni ibada.

Mwaka 1700 Wajesuiti walimuuliza Mfalme Kangxi mwenyewe, naye akathibitisha kwamba desturi zile ni za heshima na kumbukumbu. Roma haikukubali. Papa Clement XI alizipiga marufuku kwa Wakatoliki mwaka 1715, na Papa Benedict XIV akaikazia marufuku hiyo mwaka 1742. Kangxi alipoisoma amri ya 1715 alikasirika, na mwaka 1721 akaagiza mahubiri ya wamisionari yakomeshwe nchini mwake. Ilibidi ifike Desemba 1939, wakati wa Papa Pius XII, ndipo Roma ilipolegeza msimamo na kukubali kwamba kuinama mbele ya marehemu, picha yake au kibao chake kunaweza kuwa heshima tu. Hesabu mwenyewe: miaka 224. Hoja zilikuwa nyingi, lakini kiini chake kilikuwa swali lile lile la mwanafunzi wangu: tendo hili tuliite nini?

Hebu sasa tuwasikilize Wachina wenyewe. Katika Kichina, babu mzaa baba ni zufu na nyanya mzaa baba ni zumu. Wazee wa ukoo waliotangulia zamani za kale huitwa zuxian. Sauti zu inayoanza maneno yote matatu ni ile ile, na huandikwa kwa alama ile ile. Jambo hili halipaswi kumshangaza Mswahili hata kidogo. Sisi nasi tuna babu, ambaye pengine ameketi uani akiota jua, na tuna mababu, ambao hatukuwaona. Lugha zote mbili zinatuambia kwamba kati ya mzee aliye hai na mzee aliyekufa hakuna ukuta. Hatua moja tu, naye huyo keshahama kundi.

Tutazame pia kitenzi ji, ambacho ndicho kinachotumiwa kwa kuwatolea marehemu vyakula. Alama yake imeundwa kwa sehemu tatu: nyama, mkono, na meza au madhabahu. Mkono unaweka nyama mezani. Kuna kitenzi kingine, bai, kinachomaanisha kuinama kwa heshima. Ni kweli kwamba bai hutumiwa kwa miungu. Lakini ndicho pia kinachotumiwa Mwaka Mpya, watoto wanapozunguka kuwaamkia wakubwa wao. Kwa desturi ya zamani, mjukuu aliinama hadi paji la uso likagusa sakafu mbele ya babu aliye hai, anayekohoa na kutafuta miwani yake. Hakuna aliyedhani babu amegeuka mungu asubuhi hiyo. Tendo linalofanywa mbele ya kibao chake baada ya kufa ni mwendelezo wa salamu ile.

Ushahidi mwingine uko jikoni. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Arthur Wolf, alifanya utafiti Taiwan na mwaka 1974 akachapisha makala mashuhuri kuhusu aina tatu za viumbe wa ulimwengu usioonekana: miungu, vizuka na wazee wa ukoo. Alichunguza kila kundi linapewa chakula gani. Miungu hupewa vyakula ambavyo havijaandaliwa kwa kuliwa pale pale, kama vile ndege mzima asiyekatwa. Vizuka, yaani wafu wasio na mtu wa kuwatunza, huwekewa chakula nje ya nyumba, kama ombaomba. Wazee wa ukoo huandaliwa mlo uliopikwa na kuungwa, pamoja na bakuli na vijiti vya kulia, vile vile anavyoandaliwa mtu wa nyumbani. Hapo ndipo ninapoona jibu likianza kuchomoza. Nyanya aliyekufa anapakuliwa. Wanaompakulia wanamhudumia kama walivyomhudumia jana.

Lakini msomaji makini atanikatiza hapa: hizo ni alama za maandishi na sahani za wali. Nitajuaje kilichomo moyoni mwa anayeinama? Swali zuri. Moyo hauonekani, na ndiyo sababu naomba tumwendee mtunzi wa hadithi, maana kazi yake ni kutuonyesha kisichoonekana. Nimemchagua mtu ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwamba anazipigia debe mila: Lu Xun.

Lu Xun ni jina la kalamu la Zhou Shuren, aliyezaliwa Shaoxing katika mkoa wa Zhejiang mwaka 1881 na kufariki Shanghai mwaka 1936. Hadithi iliyompa umaarufu mwaka 1918 ilikuwa shajara ya mwendawazimu anayegundua kwamba, chini ya maneno matamu ya vitabu vya maadili, kumeandikwa amri ya watu kulana. Mwaka 1926 aliandika insha akikumbuka kitabu cha picha alichopewa utotoni, chenye visa 24 vya watoto watiifu kwa wazazi wao. Katika kisa kimoja, mtu maskini aitwaye Guo Ju anachimba shimo amzike mwanawe akiwa hai ili chakula kimtoshe mama yake mzee. Lu Xun anasema kisa hicho kilimtia hofu. Nyumbani kwao hali ilikuwa ikizidi kuwa mbaya, na nyanya yake alikuwa mzee. Je, baba yake naye akiamua kuwa mtoto mtiifu? Ikawa akimwona nyanya na mvi zake anahisi kana kwamba wawili hao hawawezi kuishi chini ya paa moja. Ndivyo alivyokuwa. Mtu wa namna hiyo hawezi kutupamba na ubani.

Sasa tazama anachokifanya katika hadithi yake "Guduzhe", ambayo naiita "Mpweke". Aliiandika Oktoba 1925, ikatoka katika mkusanyiko wake Panghuang mwaka 1926. Mhusika mkuu ni Wei Lianshu, msomi aliyesomea mambo ya wanyama lakini anafundisha historia. Haamini mila. Kijijini kwao Hanshishan wanamwona mgeni, mtu wa mambo ya kisasa. Nyanya yake, aliyemlea, anaugua na kufa. Jamaa wanakusanyika kumsubiri. Sanda na jeneza vilishatengenezwa zamani (Wachina huviita nguo za maisha marefu na mbao za maisha marefu, kwani tafsida si yetu peke yetu). Kinachowaumiza kichwa jamaa ni huyu mjukuu.

Kwa nini mjukuu? Kwa desturi za matanga ya Kichina, kila jamaa alikuwa na daraja lake la kuomboleza. Mjukuu aliomboleza mwaka mmoja kwa babu na nyanya wa upande wa baba, na miezi mitano kwa wa upande wa mama. Lakini iwapo baba yake alishakufa, mjukuu mkuu aliingia katika nafasi ya baba na kubeba wajibu wote wa mwana. Huyo aliitwa chengzhong sun. Ukilifasiri neno kwa neno ni "mjukuu mbeba uzito". Lianshu ndiye mbeba uzito. Kwa kuwa wanaamini ataukataa mzigo, wakubwa wa ukoo wanapanga masharti matatu: avae nguo nyeupe za msiba, apige magoti na kuinama, na aite watawa wa Kibudha na makuhani wa Kidao wafanye matambiko. Kijiji kizima kinajaa kutazama vita kati ya zamani na sasa.

Vita haviji. Lianshu anawasikiliza hadi mwisho, uso wake haubadiliki, anajibu kwa maneno machache kwamba yote ni sawa. Kisha anaanza kazi. Anamvisha nyanya yake sanda kwa mikono yake, na anaifanya kazi hiyo kwa ustadi hadi watazamaji wanashangaa. Jamaa wa upande wa kuzaliwa wa marehemu wana desturi ya kutafuta kasoro hata pasipokuwa na kasoro. Wanaponung'unika, yeye harudishi neno. Anarekebisha walichokisema na kuendelea.

Halafu wanawake wanalia, jeneza linafungwa, naye hatoi chozi. Watu wananong'ona. Wameanza kutawanyika, wakiwa wamekosa tamasha walilolifuata, ndipo Lianshu, aliyekaa kwenye mkeka wa nyasi, anapoanza kububujikwa na machozi, mara sauti inamtoka kama ya mbwamwitu aliyejeruhiwa anayelia nyikani usiku wa manane. Hilo halimo katika mila yoyote. Wakubwa wanajaribu kumnyamazisha, hawawezi. Analia kama nusu saa, ananyamaza ghafla, anaingia chumbani mwa nyanya yake na kulala.

Wahakiki wengi huichukua sauti ile ya mbwamwitu kuwa ndiyo heshima ya kweli, na kuvaa nyeupe na kuinama kuwa maigizo aliyolazimishwa. Usomaji huo unavutia, nami niliushikilia kwa miaka. Siku hizi siukubali. Ukiusoma hivyo unaisahau mikono. Mtu anayeigiza angevisha sanda kwa kulipua. Angejibizana na jamaa wasumbufu. Lianshu haamini kwamba roho ya nyanya inasubiri chochote kutoka kwake, na bado anainyoosha nguo mpaka ikakaa sawa. Anayafanya yale kwa sababu ni ya nyanya. Baadaye tunaambiwa alichoma sehemu kubwa ya vyombo kwa ajili yake, na vilivyobaki akampa mtumishi aliyemhudumia marehemu, akamwachia na nyumba akae bila kodi. Hapo hakuna mkubwa wa ukoo aliyemshurutisha.

Kisha Lu Xun anatupa siri inayoigeuza hadithi nzima. Nyanya yule hakuwa wa damu. Alikuwa mama wa kambo wa baba yake Lianshu. (Lu Xun mwenyewe alikuwa na nyanya wa kambo, mke wa pili wa babu yake Zhou Fuqing.) Lianshu anakumbuka kwamba kila Mwaka Mpya picha za wazee wa ukoo zilitundikwa ukutani, na miongoni mwao mlikuwa na mwanamke aliyevaa mavazi ya kifahari. Mtumishi alimwambia: huyo ndiye nyanya yako halisi, mwinamie akulinde ukue na nguvu. Mtoto hakuelewa. Nyanya aliyemjua alikuwa yule mwingine, asiyecheka, aliyeshona mchana kutwa na kumlisha kwa sindano yake. Na jamaa hawa hawa wanaoshikilia leo kwamba mila zifuatwe ndio waliotaka, baba yake alipokufa, kumpokonya mtoto yule nyumba kwa kumtia sahihi kwenye hati.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Kama kutambika kungekuwa ibada, basi heshima ya Lianshu ingekuwa unafiki, kwani haamini. Na ile ya jamaa ingekuwa safi, kwani wanaamini, au wanadai kuamini. Hadithi inatulazimisha kuona kinyume chake. Asiye na imani ndiye aliyemheshimu nyanya, kwa sababu mkono wake ulirudisha kazi ambayo mkono wa nyanya uliifanya. Sindano ilimlea, yeye akainyoosha sanda. Hilo ni deni la huduma, na limelipwa kwa huduma.

Sisemi hadithi haina dosari. Nyanya mwenyewe hana jina wala hatumsikii akisema lolote la maana. Tunamjua kupitia kumbukumbu za mjukuu. Barua ndefu ambamo Lianshu anaeleza jinsi alivyoishia kuwa mshauri wa mkuu wa jeshi, inaeleza mno yale ambayo tungeweza kuyaona. Lakini mwisho unaikomboa. Lianshu naye anakufa, na jamaa wanamlaza katika sare ya kijeshi isiyomfaa, kofia yenye ukingo wa dhahabu kando ya uso, na kiunoni upanga wa karatasi. Desturi zimetimizwa, vitu vyote vipo. Mkono wa mtu aliyemjua ndio haupo.

Katika kitabu hicho hicho mna hadithi inayofungua mkusanyiko, "Zhufu", ya mwaka 1924. Jina lake lina maana ya kuomba baraka za mwaka mpya. Hii nayo inahusu mkono, lakini mkono uliokataliwa. Mke wa Xianglin ni mjane aliyeozwa tena kwa nguvu, akafiwa na mume wa pili, mwanawe mdogo akaliwa na mbwamwitu. Anarudi kuwa mtumishi katika nyumba ya mtu msomi na mcha mila. Pale anaruhusiwa kufanya kila kazi isipokuwa moja: asiguse vyombo vya kuwatolea wazee wa ukoo sadaka. Mwenye nyumba anaamini kwamba mikono ya mjane wa namna hiyo imechafuka, na wazee hawatakula alichokigusa. Mwanamke anaambiwa akachangie kizingiti cha hekalu ili apate kutakaswa. Anatumia akiba ya kazi yake, anakichangia. Inapofika sikukuu ya kipupwe, anaviendea vikombe na vijiti kwa moyo mkunjufu, na bibi mwenye nyumba anamwambia haraka aviache. Tangu siku hiyo nuru inamtoka machoni. Anafukuzwa, anaomba barabarani, na anakufa wakati mji mzima unafyatua fataki za baraka.

Nimeileta hadithi hii makusudi, mwanafunzi wangu asije akadhani namtaka azipambe desturi za Wachina kwa maneno laini. La. "Zhufu" inaonyesha ukatili wa mila hiyo kuliko mahubiri yoyote ya mmisionari. Lakini angalia ukatili huo umekaa wapi. Haukukaa katika kuwapakulia waliokufa. Umekaa katika kuamua ni mkono wa nani unastahili kupakua. Anayeandika "kuabudu mizimu" hawezi hata kuliona jeraha la mwanamke yule, maana kwake yeye wote ni waabudu sanamu, mwenye nyumba na mtumishi. Neno baya linafuta tofauti ambayo Lu Xun aliishughulikia kwa uchungu.

Natarajia pingamizi moja. Wapo watakaosema: mbona familia hizo huomba baraka? Mbona yule mtumishi alimwambia Lianshu mdogo ainame ili alindwe? Ni kweli, huomba. Wapo wanaoamini kabisa kwamba babu anawasikia na kwamba pesa za karatasi zinazochomwa zinamfikia. Sitaki kuwavua imani yao ili wapendeze machoni mwetu. Huko nako ni kuwadharau. Lakini kumwomba mzee akuombee dua, au akusimamie jambo, hatujawahi kukuita kuabudu akiwa hai. Na Kiswahili tayari kina kitenzi kinachobeba yote mawili, chakula na ombi, bila kumkabidhi marehemu kiti cha Mungu. Kitenzi hicho ni kutambika.

Kwa hiyo, kijana, mapendekezo yangu ni haya. Panapotajwa kuwatolea wazee chakula na ubani, andika kutambika, au kuwatambikia mababu. Panapotajwa sikukuu ya Qingming, inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili, Wachina wenyewe husema saomu, yaani kufagia makaburi. Nawe sema kufagia makaburi, uache tendo lijieleze. Watu hung'oa magugu, hupanguza jiwe, huweka maua na vyakula, na tangu 2008 ni siku ya mapumziko ya kitaifa Uchina Bara. Panapotajwa heshima kwa jumla, kuenzi linatosha. Na badala ya mizimu, andika mababu au wazee waliotangulia. Mizimu tuiwekee gui, wale wafu wasio na wa kuwapakulia, ambao Wachina nao huwaogopa.

Ukiona nakuza jambo dogo, fikiria makaburi ya wataalamu wa Kichina yaliyoko Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam. Wamelala pale watu waliofariki wakiwa kazini Tanzania, wakiwemo wa enzi za ujenzi wa reli ya TAZARA katika miaka ya 1970. Wajapo watu wa kwao msimu wa Qingming, wakaweka maua na kuinama, hakuna mpita njia wa Gongo la Mboto atakayesema wanawaabudu mafundi wa reli. Atasema wamekuja kuwazuru watu wao. Mpita njia yule ameshafasiri vizuri kuliko kamusi. Iweje basi tendo hilo hilo, likifanywa Shaoxing na mjukuu kwa nyanya yake, tuliite ibada ya mizimu? Jibu ni kwamba mafundi wa reli tuliwaona kwa macho yetu, na yule nyanya tumemwona kupitia Kiingereza, lugha ambayo ina jina lake la mkato kwa desturi hii, jina lililobeba hukumu ndani yake. Tukalipokea jina pamoja na hukumu.

Hatukuwalipia Wachina peke yao gharama ya neno hilo. Tambiko za bibi na babu zetu wenyewe ziliandikwa kwa kalamu hiyo hiyo, na wengi wetu tulizisoma shuleni tukizionea haya kabla hatujauliza zilikuwa nini. Anayejizoeza kumfasiri Mchina kwa haki anajizoeza pia kuwasoma wazee wake upya.

Kijana, ukiisoma safu hii, rudi ofisini na kazi yako. Pale penye "kuabudu mizimu" weka ulichokubaliana nacho humu, nami nitaongeza alama nilizokunyima. Palipo na karatasi za kuchomwa bado sijaridhika na neno lolote kati ya yale tuliyo nayo. Hapo, njoo na kiti, tutajadiliana.